Vidonge Asivyogawa Baba Neema

Mkuyuni, Mwanza

Dada Felista,

Shikamoo. Mama homa imemwachia? Na mahindi ya hapo Tabora yamepona jua? Sisi huku tunapumua. Neema ameanza kusimama dede.

Dada, kuna jambo linaninyima raha. Shemeji yako unamjua, kwao hata dawa hugawanywa kama ugali. Akipewa klorokwini anameza nusu, nusu anampelekea mgonjwa mwingine. Sasa fundi mmoja Mzungu, mwenzake wa pale kiwandani wanapokata minofu ya sangara amemletea vidonge kutoka kwao. Baba Neema anasema ni vya ini. Juzi mama mkwe alikuja, tumbo linamsumbua, akaomba viwili tu. Mwanawe akafunga kichupa.

"Hivi havigawiwi, mama."

"Hee! Mzungu kakuletea dawa au kakuletea uchoyo?"

Walicheka. Mimi sikucheka. Tangu lini mtu huyu akamnyima mama yake?

Alipokwenda zamu nikakifunga kichupa kwenye kanga, nikaenda duka la dawa. Muuzaji akasoma, akauliza ni vya nani. Nikasema vya jirani.

"Mwambie jirani vinazuia homa ya ini aina ya B. Wenye UKIMWI nao wanavitumia. Kichupa hakiwezi kukuambia ni ugonjwa upi, mpaka damu ipimwe. Na asigawe, asikatize."

"Hiyo ya ini nayo inaambukiza?"

"Sana. Mume na mke, hata mama na mtoto."

Jioni nikampakulia baba Neema chakula, nikamwuliza vidonge ni vya nini hasa.

"Kumbe unanishuku, mama Neema?"

"Nakushuku. Kula kwanza. Jumatatu tunakwenda kupimwa wote."

Akasema daktari alishampima, ni ini tu. Daktari gani? Akamega tonge. Baadaye akasema Jumatatu yuko zamu. Nikamwambia nitamsubiri getini mpaka atoke.

Huenda anasema kweli. Ona nilipofika, dada: namwombea mume wangu homa ya ini.

Mama msomee salamu tu, hayo mengine yabaki kwako. Msalimie baba mdogo fundi baiskeli, na shangazi Rehema muuza karanga, mwambie kitenge kilifika.

Neema ameamka, anataka kunyonya. Uji upo, lakini anausukuma kwa mkono. Nimemtazama weee, kisha nimempa titi. Sikujua la kufanya.

Ni mimi mdogo wako,
Yustina