Baba, Nyungunyungu Hufunguliwa Mgongoni

Baba yangu,

Jana mvua ilinyesha hapa Pasiansi tangu alfajiri. Nilipotoka kwenda zamu niliwakuta nyungunyungu wametapakaa njiani, wamevimba kwa maji, na watu wanawakanyaga bila kutazama chini. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alitema mate, akasema ardhi inatapika. Nami nikaisikia sauti yako ya darasani ikimjibu kwamba ardhi haitapiki, hawa wanatafuta hewa. Kiumbe huyu hana mapafu, anapumua kwa ngozi, na shimo lake likijaa maji hana budi kutoka. Nilisimama pale mpaka nikachelewa kazini. Leo ni siku yangu ya mapumziko. Nimekaa barazani nakuandikia, ingawa sijui barua ya namna hii hutumwa wapi.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Ulitangulia na jembe, mimi nikakufuata na kopo la mafuta ya kupikia, tukaenda nyuma ya migomba, pale maji ya kuogea yalipokuwa yakimwagikia. Hukuwa unalima, ulikuwa unafunua udongo tu, polepole, kama mtu anayefunua blanketi la mtoto aliyelala. Wa kwanza akionekana ulimlaza kwenye kiganja changu, ukaniambia nimpitishe kidole kutoka mkiani kwenda kichwani. Nilihisi vikwaruzo. Ukanieleza kwamba vile ni vinyweleo, kila pingili ina vyake, na ndivyo anavyojishikiza shimoni ndege anapomvuta.

Siku nyingine tulishuka ziwani, penye magugu maji. Ulilinyanyua gugu moja na mizizi yake ukanionyesha ruba aliyejibana humo, kisha ukamwacha akupande mguuni. Nililia. Ulicheka, ukaniambia nisiogope, huyu ni ndugu yake nyungunyungu, naye ni pingili tupu tangu mdomoni hadi mkiani, ila hana vinyweleo; ana vikombe viwili vya kujigandisha, kimoja mbele na kimoja nyuma. Aliposhiba akaachia mwenyewe. Damu yako iliendelea kuchuruzika muda mrefu, kwa kuwa mate ya ruba huizuia isigande. Mama alipoiona soksi yako jioni alikasirika hata hakukupakulia. Ulijipakulia mwenyewe, ukala, ukanikonyeza.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa, serikali ilipoiachia biashara huru. Madukani vitu vilirudi, sabuni, sukari, redio, lakini nyumba nyingi hapa jirani zilibaki tupu, maana kiwanda cha nguo kilipunguza watu na wenyewe wakarudi kwao na mabati yao. Kando ya ziwa vikafunguliwa viwanda vya samaki. Minofu ya sangara ikapanda ndege kwenda ng'ambo, sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa baada ya nyama kuondolewa. Maabara ya shuleni kwenu iliishiwa spiriti, ikaishiwa hata viberiti. Walimu wenzako wengine walifungua vibanda, wengine wakaacha kazi. Wewe ulifundisha kwa nyungunyungu wa nyuma ya migomba yetu. Ulichukua pini za kushonea za mama, ukayeyusha mishumaa kwenye sahani za bati ili wanafunzi wapate pa kuzichomeka.

Siku ulipoanguka sikuwepo, kwa hiyo nakueleza nilivyosimuliwa. Ulikuwa umeshamfungua nyungunyungu, unawaonyesha mioyo yake. Uliwaambia hana moyo mmoja kama sisi, ana mirija minene iliyokumbatia koo, nayo ndiyo inayosukuma damu. Mwanafunzi mmoja akauliza kama ni kweli ukimkata katikati anakuwa wawili. Ulijibu kwamba huo ni uzushi. Nusu ya mbele ikibahatika huota mkia, nusu ya nyuma hujinyonganyonga tu, kisha hufa. Ukageuka uandike ubaoni. Chaki ikakuponyoka, ukainama kuiokota, na hukuinuka.

Kiharusi kilichukua upande wako wote wa kulia. Maneno mtaani hayakukawia. Walisema umewapasua wadudu mno, umefunua vilivyofichwa. Mama alikuwa ameanza kuuza mapanki ya kukaanga sokoni Mkuyuni, anatoka mapema na kurudi ananuka mafuta, na nilimwona akijifuta machozi kwa mkono wenye magamba. Hospitalini nako mambo yalikuwa yamebadilika. Kila dawa ilitaka mkono mfukoni. Ukarudishwa nyumbani ulale.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha nne, na mtihani wa vitendo ulikuwa unakaribia. Wewe ndiwe uliyeniita. Ulitaka sahani ya bati, ulitaka nyungunyungu, ulitaka nikuegemeze ukutani uweze kuona. Mkono wako wa kushoto ulijaribu kuushika wembe, ukauacha. Tangu siku hiyo mimi nilikata, wewe ukasema. Maneno yako yalitoka mazito, yameviringana, na mara nyingi nilikuomba urudie. Hukuchoka kurudia.

Ulinifundisha kwamba mgongo wake ndio upande wenye rangi iliyokolea, kwamba wembe uende juujuu, kwamba ndani nitaona kuta nyembamba kati ya pingili na pingili, kama vyumba vya nyumba ya kupanga. Ulinionyesha firigisi yake inayosaga chakula kwa mchanga. Na kila mara ulinikataza nisipeleke ncha ya wembe chini, kwa sababu uzi mweupe wa fahamu unapita tumboni, na nikiukata nimeharibu kila kitu. Siku moja niliufikia uzi ule bila kuukwaruza. Uliutazama muda mrefu, kisha ukautazama mkono wako uliolala shukani.

"Huyu kila pingili ina kituo chake kidogo cha fahamu," ulisema. "Ukiziba huku, kule kunaendelea. Sisi tumejaza kila kitu kichwani. Ona sasa."

Niliosha sahani.

Baba mkubwa Lugembe alifika kutoka Misungwi wiki chache kabla ya mtihani. Siwezi kumlaumu kaka yako. Alikukuta peke yako ndani, mimi shuleni, mama sokoni, shuka limelowa, nzi usoni. Alikubadilisha yeye mwenyewe, mzee yule, kisha akamsubiri mama arudi. Alisema nyumbani kwenu kuna maziwa, kuna wake zake wa kukugeuza, na kuna mtu anayejua dawa za mishipa. Mama alisema wewe hutaki. Baba mkubwa akasema mgonjwa hapigi kura. Walibishana mpaka mama akaishiwa nguvu, akakaa chini mlangoni, akasema basi.

Ulibebwa kwenye kiti mpaka kwenye pikapu. Hukumwangalia mama. Uliniita mimi, nikainama mpaka sikio langu likagusa mdomo wako, nikidhani utaniomba niwazuie wasikuchukue.

"Mgongoni, Kabula," ulisema. "Usikate tumboni."

Siku ya mtihani nilikuwa nimejiandaa kwa nyungunyungu kuliko kwa kitu kingine chochote duniani. Walituwekea panzi na kipande cha kiazi. Nilikaa nikimtazama yule panzi, mwili wake nao umegawanyika vipande, na kwa muda nilijiona nimesalitiwa. Halafu nikaandika nilichojua. Nilipofika nyumbani mama alikuwa amejifunga kanga kiunoni, majirani wamejaa uani, na moto haujawashwa. Habari ilikuwa imefika kutoka Misungwi.

Kuna jambo moja la kule Misungwi nataka ulijue, kwa sababu wewe hukuliona. Vijana walipokuwa wanachimba kaburi lako, kwenye ule udongo mweusi wa bondeni, walitoka nyungunyungu wengi. Baba mkubwa alichukia. Akawaamuru vijana wawatoe wote, wawatupe mbali, akisema ndugu yake hatalazwa na vitu hivyo. Mama alikuwa amekaa na wanawake wenzake. Aliinuka, akaenda mpaka ukingoni, mama yule yule aliyekuwa akifukuza makopo yetu jikoni, na kwa sauti ya kawaida kabisa akasema, "Waacheni. Hao anawajua."

Wanaume wakatazamana. Baba mkubwa akageuka pembeni. Nyungunyungu wakaachwa.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu baiolojia vizuri, na mengine ya kutosha. Nilichaguliwa kidato cha tano, shule ya mbali. Mama aliuza cherehani nipate ada. Haikutosha. Nikaenda kusimama kwenye foleni getini mwa kiwanda kimoja cha samaki, wakanijaribu kwa kisu, na msimamizi akauliza nilijifunzia wapi mkono mwepesi namna ile. Nilisema nyumbani. Sasa nakata minofu ya sangara kutwa nzima, nimevaa buti na kofia nyeupe, vidole vimekufa ganzi kwa barafu. Samaki fahamu zake zinapita mgongoni, juu ya tumbo, kinyume na wale wetu. Mara ya kwanza nilipolifikiria hilo nilitaka kukimbia nyumbani nikakuambie. Wenzangu mezani ni watu wema, lakini hakuna ninayeweza kumwambia kitu kama hicho.

Sina hasira nawe, wala na mama, wala na baba mkubwa. Nina uchovu. Kuna siku napita shuleni kwenu, naona madirisha ya maabara yamezibwa kwa mbao, nageuza uso upande wa ziwa.

Mama amepungua mwili na haongei sana. Lakini wanafunzi wako wa zamani bado wanapita hapa, wale waliohamia Geita na Shinyanga kutafuta maisha, ambao habari haikuwafikia. Wanabisha hodi, wanamwamkia, wanauliza kama mwalimu yupo. Mama huwapa maji ya kunywa, halafu huwaambia umeenda Misungwi. Si uongo, kwa hiyo sijapata njia ya kumsahihisha. Wanamwomba akupe salamu zao. Naye huwajibu kwamba zitafika, kwa utulivu, kiasi kwamba hata mimi nikiwa chumbani hushikwa na hamu ya kutoka nimuulize utarudi lini.

Pokea na zangu.

Ni mimi binti yako,
Kabula