Saumu za Baba Kabla ya Kisu

Nairobi, Jumapili

Mama yangu, shikamoo. Barua hii ikukute na afya, na lile goti liwe limetulia. Mimi mzima, ila nimechoka. Usingizi wangu siku hizi ni wa benchi ya wodi.

Baba yupo. Macho bado ni manjano, lakini kujikuna kumepungua. Daktari asema kansa ya mfereji wa nyongo imeenea, haikatiki ilivyo. Kwanza wamtia dawa kwa mshipa, uvimbe unywee, ndipo apasuliwe. Dawa yenyewe kali, akitiwa leo atapika hata kesho kutwa. Wauguzi waniita daktari wa Malindi, nami sikuwakataza. Mwambie dada Zuhura, aliyenicheka nilipoacha shule.

Sasa sikia. Baba alizidi kukonda, na daktari akasema akikonda zaidi hapasuliwi. Nami nailaumu dawa. Kumbe juzi namfuma ampa uji wake mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Baba, wafanya nini?"

"Nimefunga."

Alipa zile saumu za Ramadhani alizokula akiugua. Hataki kuingia kwenye kisu nazo shingoni.

Nikajitia ujuzi. "Basi Mama atoe fidya, alishe maskini huko Shella, yaishe."

Akanitazama. "Fidya ni ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Wewe wanitarajia au hunitarajii?"

Mama, huo ni mtego. Nikisema namtarajia, atafunga. Nikisema simtarajii, ulimi huo nautoa wapi? Nikakunja shuka, nikaikunjua. Mwisho nikamwambia, "Nakutarajia. Kwa hivyo na zingoje upone, uzilipe ukiwa na mbavu zako."

"Una domo wewe," akasema, akanywa vijiko viwili. Leo amekataa tena. Ati hukumu ya dini haichukui kwa mtoto aliyekuwa akitoroka chuo cha Kurani.

Basi nenda kwa maalim wake, aandike kwa mkono wake kwamba mgonjwa hula, akipona ndipo alipe. Barua hiyo mpe dereva wa basi, nitaipokea mwenyewe stesheni. Ifanye upesi, wiki hii wampima tena uzito.

Nisalimie bibi, na mjomba fundi cherehani. Zuhura mwambie asivae kanzu yangu ya Idi kufagilia.

Na ukifika kwa maalim, Mama, habari ya fidya usimuulize.

Mwanao,
Athmani