Lami Kuukuu Imeshika, Baba Nafula

Baba Nafula,

Mwezi wa nne huu tangu tukuzike, na sijakuandikia kwa sababu ya aibu. Mimi niliyegombana na kila mhariri wa gazeti mjini humu, kwako nilikosa neno. Leo ninalo: ulisema kweli, nami nilikucheka.

Ulikuwa ukirudi kutoka kazini na vipande vya lami kuukuu mfukoni. Unavianika dirishani, jua likivilegeza unavibonyeza kwa kidole gumba. "Mama Nafula, shika. Bado inanata. Hii inaweza kutandikwa tena." Nami, hata kitabu sijakiweka chini: "Toa takataka zako karibu na unga wangu." Miaka ishirini ulitengeneza barabara za watu, na nyumbani kwako hukusikilizwa.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita watu wa baraza la mji walikuja kufumua ile barabara kubwa ya kwenda soko la Gikomba. Mafuta yamepanda hivi, lami mpya ni ghali hivi, na bado ile ya zamani wanaipakia kwenye malori wakaitupe bondeni! Kichochoro chetu, ambamo Mama Rehema alibebwa juu ya mlango akiwa na uchungu wa kuzaa kwa sababu teksi ilikwama matopeni, hakimo kwenye ramani yao.

Nikasimama mbele ya lori. Injinia akashuka. "Mama, hizi ni takataka. Unazitakia nini?"

Neno langu lile lile, Baba Nafula. Lilinichoma.

"Kama ni takataka, unazionea uchungu wa nini? Mwaga hapa."

Dereva hakungoja injinia ajibu. Alimwaga pale pale, kwenye mlango wa kichochoro chetu.

Jumapili baada ya ibada, genge lako la kazi lilikuja lote. Otieno alipasua pipa akalilaza juu ya moto, wakakaanga vipande mpaka vikalegea, wakaongeza lami mpya. "Kidogo tu!" nikawapigia kelele, maana nilikumbuka ile uliyoweka mlangoni pa kanisa, ikayeyuka kwa jua la Februari, na kina mama wakaacha viatu vimenata wakaingia pekupeku. Nilicheka. Kisha nikalia, nimeinamia karai.

"Mama, sogea kando," Otieno akasema. "Lami na maji havipatani."

Wakaitandika kichochoroni, wakashindilia mpaka jioni. Jana mvua ilinyesha, maji yakapita pembeni kwa adabu. Imeshika, mume wangu. Imeshika!

Leo asubuhi nimekuta tangazo limebandikwa ukutani: barabara haina kibali, itafumuliwa Ijumaa. Miaka yote ya matope hakuna aliyetuuliza kibali cha kuzama.

Waje. Makala nimeandika, na ina meno, lakini safari hii sitaishia kwenye karatasi. Ijumaa nitatoa kiti chako nje, nikae katikati ya kichochoro, na kina mama wa mtaa wamesema wataleta vyao.

Pumzika sasa, Baba Nafula. Nakuahidi hawataigusa kabla ya kunigusa mimi. Na mimi unanijua.

Mkeo,
Mama Nafula