Gitaa Letu Lina Doa Jeusi

Mwanangu Sesi,

Simu zangu hupokei, kwa hiyo nakuandikia. Mwandiko wangu unaujua, ni wa mtu aliyeishia darasa la tano. Atakayeisoma barua hii kabla yako na asome tu, sina la kuficha.

Mama yako kaniambia Jumapili ya kipaimara chako kwaya imekupa nafasi ya kupiga gitaa. Nikamwambia letu nalitengeneza, nitalileta. Akasema, "Sesi anasema kama ni gitaa, kaa nalo." Tangu siku hiyo nabeba magunia hapa bandarini Mtwara, mawazo yote kwako. Juzi nimepeleka gunia kwenye lori lisilo letu, wenzangu wakacheka, "Muha kapotea! Kigoma siyo huko!" Nikacheka nao, nikalirudisha gunia.

Unakumbuka ulivyokuwa unakaa mapajani, mimi nabonyeza nyuzi, wewe unazipiga? Gitaa la umeme, nyumba haina umeme, sauti yake kama mbu. Ukalala sikio juu ya ubao ukasema, "Baba, linaongea tumboni." Siku nyingine ukachukua msumari ukachora S kubwa mgongoni mwake. Nilikuchapa. Ulilia mpaka ukalala, na sikukuomba msamaha.

Asubuhi niliyoondoka, miaka mitatu sasa, uliniuliza, "Baba, si unaenda kubeba mizigo? Gitaa la nini?" Nikasema nalipeleka kwa fundi, rangi imebanduka. Nilidanganya. Niliogopa upweke, nikataka kitu kimoja cha nyumbani, nikachukua chako.

Sasa nimelipeleka kweli. Yuko fundi seremala mtaani kwetu, Mmakonde, anaitwa Nangu. Tumeng'oa nyuzi na vyuma vyote, nikakwangua rangi nyekundu kwa msasa siku nne, kila nikitoka kazini. Yeye alikuwa na ngozi ya mninga, ubao uliochanwa mwembamba kama karatasi. Tukapaka gundi, tukaubandika usoni mwa gitaa, tukaunyoosha kwa pasi ya mkaa. Ukang'aa, Sesi, mistari yake kama maji yanayotembea. Fundi akasema, "Weka gunia la mchanga juu, likandamize mpaka kesho," akaenda kula.

Mchanga ulikuwa mbali. Mlangoni kwa jirani palikuwa na gunia la korosho. Nikaomba, nikalipandisha begani, nikalitua juu ya gitaa kama ninavyotua bandarini, kwa kishindo. Sikuwaza kwamba korosho ghafi zikipasuka maganda hutoa mafuta. Ubao ulikuwa bado una joto la pasi, ukayanywa.

Kesho yake fundi aliinua gunia akashika kiuno. "Kuli wewe! Nilikwambia mchanga."

"Uzito si uzito tu, fundi?"

"Uzito gani huo? Mafuta haya yanachuna mikono ya wanawake wanaobangua, yatauacha ubao?"

Doa ni jeusi, kubwa kama kiganja, pale pale unapopitisha mkono ukipiga. Tumepiga msasa, halitoki. Tukizidisha tutatoboa ngozi, na nyingine ya mninga fundi hana. Nimepaka vanishi juu yake, tukarudisha vyuma na nyuzi. Siku nikiliona dogo, nalala. Siku nikiliona kubwa, sili.

Nakwambia yote. Nilipanga kulituma kwa basi. Nilijiambia ni kwa sababu ya kazi, kumbe nilitaka lifike bila mimi, nisikuone ukiligeuzia mgongo. Na sasa lina doa, nikazidi kutafuta kondakta wa kumpa. Jana nimeacha. Nimemuaga msimamizi. Nakuja nalo mwenyewe, nimelifunga kwenye shuka, nitalipakata mpaka Kasulu.

Sijui kama utanifungulia mlango. Usipofungua nitakaa nje, nimezoea kukaa juu ya mizigo. Hata ukipiga la kwaya siku hiyo, sitanuna.

Jambo moja tu. Fundi aliniuliza, "Nyuma hatubandiki?" Nikamwambia nyuma pana jina la mwenyewe. Rangi imeisha yote lakini msumari wako uliingia mpaka kwenye mti, na hapo msasa niliupitisha kidogo tu. Kwa hiyo nikikukabidhi, usianze kuangalia doa. Ligeuze kwanza.

Nipo njiani,
baba yako