Nani Kalala Huko?

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono wangu umekataa kuandika neno lolote kabla ya hilo. Nakuona umetega sikio la kulia, lile lililokuwa zima, unasubiri niseme ninachotaka. Ulizoea kuniambia kwamba nazunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo. Leo sizunguki. Mambo yameharibika, Baba. Kisima chetu kimegeuka chumvi.

Kingekauka tungejua moja. Maji yapo, mengi tu, lakini tangu mvua zilipokata yamekuwa machungu hata sabuni haitoi povu. Ng'ombe wanayanywa kwa kuwa hawana mengine, halafu wanasimama wameinamisha vichwa. Mabaka, yule ng'ombe wako wa mbele, alilala asubuhi moja penye lango la zizi, karibu kabisa na kaburi lako, na hakuinuka tena. Mama alikaa naye mpaka mwisho. Alimfukuzia nzi kwa khanga ileile aliyokufukuzia wewe kule hospitali.

Na Mama mwenyewe anayanywa hayo hayo maji. Mimi nikitoka Chemba siku za Ijumaa, baada ya vipindi vyangu vya jiografia, namletea dumu la maji ya huko. Anashukuru, analiweka pembeni, kisha anawanywesha ndama. Miguu yake imevimba. Nikimbonyeza kidole kinaacha shimo, naye anauvuta mguu na kuniambia nisimfanye unga wa kukandwa.

Utaniuliza kwa nini hatuhami. Baba, ndilo jambo lenyewe.

Kaka Chilewa yuko Mkonze bado, na kila akipiga simu wimbo ni mmoja: ng'ombe waliobaki wauzwe, Mama aende kwake. "Mama, huku bomba liko uani, unafungua tu." Mama anamjibu kwamba yeye si mgonjwa wa kufunguliwa bomba. Mama mdogo naye ametuma neno kutoka Busi. Mumewe ana eneo upande wa juu wa shamba lao, anatupa tujenge, ng'ombe watapata majani na kisima chao hakijawahi kuwa na chumvi. Nilipozipata habari hizo niliruka kwa furaha, nikajua tumepona. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaokota jiwe kwenye uwele aliokuwa anapeta, akalitupa.

"Nani kalala huko?" akauliza.

Nikamwambia, Mama, dada yako anaishi huko miaka yote. Akasema anayeishi mahali hawezi kupasema, ameshapazoea, hata ubaya wake anauona mzuri. Anataka mtu wa nyumba hii. Na mtu wa nyumba hii wa kazi hiyo, Baba, ni wewe.

Nakumbuka tulipohamia hapa. Nilikuwa mdogo, lakini ile siku uliyoondoka kuja kulala huku kwanza naiona mpaka leo: fimbo, blanketi begani, kibuyu kitupu kiunoni. Ulisimama mlangoni ukasema, "Msifunge mizigo. Ningojeni." Mama akawa kila jioni anapakua ugali wako na mlenda, anafunika kwa ungo, na asubuhi anatupa sisi watoto tuule umepoa. Tulikuwa tunaugombea, maana ulikuwa na harufu ya safari yako. Siku uliporudi hukukaa. Ulisimama pale uani na vumbi lako, ukampa Mama kibuyu kimesimama, kina maji ya huku. Akaonja. Akasukutua, akameza, akatuangalia sisi, akasema, "Haya, tufunge mizigo." Ndipo ukapewa kigoda.

Na mwaka mwingine kabla ya huo ulirudi ukakipindua kibuyu mdomo chini penye kizingiti, ukaenda kulala. Hakuna aliyeuliza kitu. Tulijua kwamba huko ulikokwenda hakufai, iwe ni nzi wa ndorobo, iwe ni maji, iwe ni watu. Ungesema mwenyewe ukipenda, na mara nyingi hukusema.

Sasa katikati ya shida yetu hii, Baba, dunia ikapata habari njema. Redio zikatangaza, simu za walimu wenzangu zikajaa. Wanasayansi wa anga wamegundua sayari nyingine, mbali kabisa nje ya mfumo wa jua letu, inayozunguka jua lake yenyewe. Wanasema ni ya mwamba kama dunia, ukubwa wake unakaribiana na wa dunia, na imekaa mahali pazuri: si karibu na jua lake ikaungua, si mbali nalo ikaganda. Huenda ina maji. Huenda panakalika. Mwalimu wetu wa fizikia aliingia ofisini anacheka, "Jamani, viwanja vipya hivyo! Tuwahi kabla hawajaja kupima!" Wote wakaangua kicheko. Mimi nilitabasamu kwa adabu, na ndani nilikuwa nawaka. Watu wanashangilia maji ambayo huenda yapo huko juu, na mama yangu anakunywa chumvi hapa chini. Nilitaka kuitupa ile redio dirishani.

Lakini mimi ni mwalimu wa jiografia na watoto walitaka kujua. Nikaingia kidato cha pili, nikachora ubaoni jua lile na sayari yake. Nikaeleza kwamba hakuna aliyeiona kwa macho. Wanaitazama nyota kwa darubini kubwa, na sayari inapopita mbele yake mwanga unafifia kidogo, na kwa kufifia huko wanakadiria ukubwa wake na umbali wake. Walisikiliza vizuri. Kisha binti mmoja wa nyuma, mtoto wa wafugaji kama sisi, akanyoosha mkono.

"Madam, wameshakwenda kulala huko?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia hapana, hakuna aliyekwenda na hatuna njia ya kwenda. Kwa vyombo tulivyo navyo, anayetoka leo atafia njiani, na watoto wake watafia njiani, na hakuna atakayerudi kusema.

"Sasa maji watayaonjaje?" akauliza.

Niligeuka nikafuta ubao. Niliufuta hata pale palipokuwa safi. Nikawaambia wasome kimya, nikatoka, nikaenda nyuma ya tangi la maji la shule, nikalia, Baba, nikalia kama siku ile tulipokurudisha nyumbani kwenye gari. Maana hapo ndipo nilipomwelewa Mama.

Mama haogopi Busi. Mama anakungoja.

Unakumbuka neno lako la mwisho? Kifua kimekubana, mkono wako umeshika wake, ukasema, "Ningojeni." Sisi tulidhani ni homa. Yeye alilichukua kama lilivyo. Tangu hapo kila jioni anapakua, anafunika kwa ungo. Nilikuwa nauona ule ungo nikadhani ni mazoea ya mkono, kumbe mwenzetu yuko kazini. Hawezi kufunga mizigo, wewe ulimwambia asifunge. Ulikuwa unarudi, Baba! Hukuwahi kutuacha hewani. Ukirudi na neno jema, ukirudi na kibuyu kimepinduliwa, ulikuwa unarudi! Safari hii umekwenda wapi, usikoweza kututumia hata tone? Nimekukasirikia. Nakuambia wazi, nimekukasirikia sana, na sijui nimpelekee nani hasira hii kama si wewe.

Nilimpigia Kaka nikamwomba aende akalale Busi, yeye ni mwanamume, ndiye wa kukaa kwenye kigoda chako. Akacheka kile kicheko chake cha mjini. "Nyemo, dunia imekwenda mbali. Mwambie Mama mdogo akipige picha hicho kisima, atume." Nikakata simu. Ningemjibu ningemtukana, naye ni mkubwa wangu.

Basi nimekwenda mimi. Najua hukuwahi kumtuma mwanamke, na Mama alikunja uso aliponiona nakitungua kibuyu chako ukutani. Lakini hakuninyang'anya. Nilisimama mlangoni pako na blanketi begani, nikataka kusema yale maneno yako. Nikaondoka bila kuyasema.

Nilipanda gari mpaka Kondoa, kisha bodaboda mpaka Busi. Mama mdogo alinitandikia kitanda ndani. Nilipomwambia mumewe kwamba lazima nilale palepale juu, kwenye ardhi ambayo tutajenga, alinitazama, akaniuliza kama ni desturi ya baba yangu. Nikasema ndiyo. "Basi lala, mwanangu. Fisi wa huku wana adabu." Akanibebea mkeka yeye mwenyewe, na asubuhi alipotoka kuswali alipita kunitazama kama nipo mzima.

Nilikuwa mzima. Nimefanya kila ulichokuwa unafanya, nadhani. Nimetafuna jani. Nimekamata udongo nikaunusa. Nimesikiliza ndorobo, sikuwasikia. Kulipoanza kupambazuka nilitazama nyota zinavyofifia moja moja, nikawafikiria wale watu wa darubini, na ile hasira yangu juu yao ikaisha. Nikawahurumia. Wamependa mahali wasipoweza kulala, na maji wasiyoweza kuonja, wanakaa wanatazama tu, na jibu lao ni huenda. Sisi na wewe hatuna tofauti na wao. Upo mahali, huenda pazuri, wachungaji wa kanisa wanasema pazuri sana, na mimi sina wa kumtuma.

Kisha nikaenda kisimani. Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Niliomba yawe na chumvi. Niliinama na kata mkononi nikaomba kwa moyo wote yawe machungu kuliko yetu, ili nirudi nikipindue kibuyu kizingitini, nikalale, na Mama aendelee kukungoja na mimi niendelee kuwa mtoto mwenye baba anayekuja.

Yalikuwa matamu, Baba. Matamu ajabu.

Nilifika nyumbani jua linaelekea kuzama. Mama alikuwa uani. Sikukaa. Nilisimama kama wewe na vumbi langu, nikampa kibuyu kimesimama. Aliitazama miguu yangu kwanza, kama alivyokuwa anaitazama yako. Akaonja. Akasukutua. Akakaa na yale maji mdomoni muda mrefu, mpaka nikadhani atayatema, na nikaona machozi yanamtoka kabla hajameza.

"Matamu," akasema.

Akachuchumaa palepale akashika kichwa. Nilitaka kumshika, akanizuia kwa mkono. Aliposimama, alinisogezea kigoda chako, akasema, "Haya, tufunge mizigo." Sauti haikuwa ya kuhama. Ilikuwa ya mtu aliyeambiwa leo kwamba mumewe amekufa.

Jioni ile alisonga ugali, tukala. Hakupakua wa kufunika. Ungo ulikaa ukutani na sisi wawili tukawa tunautazama.

Kesho tunaondoka. Kaka amekuja na gari la mizigo, amekuwa mpole, anafunga kamba na kufungua, anafunga tena. Ng'ombe watatembea na vijana wa jirani. Nimekaa karibu nawe nikiandika haya juu ya goti, na zizi limekuwa kimya kiasi kwamba nasikia kalamu. Sijui nitakuachaje. Nimefundisha watoto umbali wa kila kitu, nyota na nyota, mji na mji, na sijui nipimeje huu wa kutoka hapa mpaka Busi.

Kwaheri, Baba. Sisi hatukungoji tena, na neno hilo limenichoma kuliko yote niliyoandika. Lakini nakuahidi hivi: mvua zikianza kila mwaka nitakuja kukulimia majani ya kaburi, na nitakuja na maji mapya. Sitatuma mtu. Nitakuja mwenyewe na nitalala hapa, ili nisije nikapasahau.

Karatasi hii nitaifukia kwenye udongo wa kichwani pako. Maji yaliyobaki sikuyamwaga. Nimeyaacha humo humo ndani ya kibuyu chako, nimekizungushia mawe kisianguke. Onja, Baba. Mama kaonja, mimi nimelala huko, pazuri.

Kibuyu nimekiacha kimesimama.

Mwanao,
Nyemo