Nilibonyeza Kabla Mzee Hajagonga

Jumapili, saa tisa alasiri.

Mvua ya leo haijui inataka nini. Inachungulia, inatema matone mawili, inaondoka. Mimi pia sijui ninataka nini. Nimeanika koti mara nne na kulianua mara nne, na majirani hapa mtaani Jericho wameanza kunitazama kupitia madirisha. Mmoja ameniuliza kama nimepata mgeni wa kiume. Nikacheka, na hicho kicheko chenyewe kilitoka vibaya.

Si la mgeni. Ni la Mzee Mutisya.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiendelea kuzungukazunguka hivi nitaandika habari za mawingu kisha nizime simu.

Mnaonisoma siku zote mnaijua kazi yangu. Naendesha kichwa cha trela ndani ya yadi, huko Industrial Area. Siendi Mombasa wala Malaba. Naivuta trela kutoka ghala hili, naiacha pale, nachukua nyingine, hivyo hivyo kutwa nzima. Nyuma ya kichwa kuna sahani kubwa ya chuma. Trela inalala juu yake, na pini nene iliyo chini ya trela inakamatwa na meno ya hiyo sahani. Ukitaka kuiacha trela, lazima meno yaachie.

Zamani nilikuwa nashuka, nainama chini ya trela, naitafuta kwenye grisi hendeli ya kuyaachisha meno, naivuta kwa nguvu zote. Siku nyingine inakubali. Siku nyingine inagoma kama punda, unakanyaga tairi na kuvuta huku ukimwita Mungu kwa majina yake yote. Mwaka juzi iligoma, na kilichoachia ni bega langu la kulia.

Daktari alisema nisivute kitu kizito tena. Nikajua kitumbua kimeingia mchanga. Halafu kampuni ikaleta vichwa viwili vipya vyenye kitufe ndani. Unafunga breki, unabonyeza kitufe kilicho karibu na usukani, upepo unafanya fsss, meno yanaachia. Umekaa zako kitini, nguo safi. Nikapewa kimoja. Madereva wenzangu walinicheka wakachoka wenyewe. Wakanibatiza Madam Kitufe. Asubuhi nikiingia tu: niaje Madam Kitufe, na chai nayo tukubonyezee?

Mzee Mutisya hakunicheka. Yeye ndiye mtu wa chini pale yadini: anachomoa paipu za upepo, anashusha miguu ya trela ili isimame yenyewe, anaweka mbao chini ya miguu kama ardhi ni laini. Siku ya kwanza ya kitufe alikuja dirishani akaniwekea sheria yake. Kwa kuwa sasa sishuki, yeye ndiye macho yangu. Akimaliza kila kitu atagonga ubavu wa trela kwa spana, mara mbili. Nisiposikia mara mbili, hata malaika Gabrieli akija kuniambia nenda, nisiende.

Nikasema sawa, mzee.

Na nilifuata, miezi kama mitatu hivi. Halafu nikaanza kuiba.

Sijawahi kumwambia mtu hili. Nilianza kubonyeza mapema, yeye akiwa bado anazungusha mpini wa miguu. Nabonyeza, meno yanaachia, nasubiri agonge, naondoka. Naokoa nini? Pumzi mbili. Hendeli ilikuwa kitu cha hadharani. Kila mtu yadini alikuona ukiivuta na aliona umeivuta saa ngapi. Kitufe ni siri yako na kidole chako. Hakuna aliyejua, na mimi nikazoea, na mazoea yana taabu.

Jana, Jumamosi, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na kokoto za yadi zilikuwa zimelainika. Ilikuwa trela ya mwisho, imejaa katoni za sabuni. Mzee alichomoa paipu, akavua koti akalitundika kwenye mpini wa miguu, akaanza kuzungusha. Nikabonyeza. Kwenye kioo nikamwona anatoka chini ya trela, anatembea kuelekea ukutani. Nikasema moyoni, amemaliza.

Hakuwa amemaliza. Alikuwa anaenda kuchukua ubao.

Hakuwa amegonga. Hata mara moja.

Mkiniuliza nilikuwa nakimbilia nini, sina jibu la maana. Nguo za kufua. Nilitaka kufika nyumbani mapema nifue.

Nikakisogeza kichwa. Nikasikia nyuma yangu kimeinuka ghafla, kwa vile mzigo umekitoka, halafu trela ikaanguka mbele kama mtu aliyepiga magoti bila kutaka. Ile sauti bado iko kwenye meno yangu. Mguu wa kushoto wa trela ulizama kwenye matope ukapinda. Nikaruka chini, mara ya kwanza wiki nzima kushuka bila kuitwa, nikapiga kelele jina lake. Alikuwa amesimama na ubao mikononi, kama hatua kumi kutoka pale. Koti lake lilikuwa chini ya chuma.

Mahali ambapo koti lilikuwa, yeye alikuwa ametoka hapo muda ule ule.

Meneja wa yadi alifika mbio, na madereva wengine nyuma yake. Kabla sijapata hata mate ya kumeza, Mzee akaongea. Akasema ni yeye. Akasema aligonga kabla hajamaliza, uzee, masikio na mikono havisikilizani tena. Alisema hivyo akiwa bado ameukumbatia ubao. Meneja akanigeukia akaniuliza, "Mama Neema, ni hivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Niliitikia tu kwa kichwa, na tangu jana hicho kichwa ninatamani ningekuwa nimekiacha nyumbani.

Kesho saa mbili asubuhi kila mmoja wetu anapeleka maelezo yake ofisini. Mzee amebakiza miezi mitatu astaafu. Miaka yote aliyofanya kazi pale hana barua hata moja ya onyo kwenye faili lake, na hilo ndilo analojivunia kuliko kitu chochote. Anapenda kusema faili lake ni jembamba kuliko yeye. Meneja aliondoka akisema kwa kosa kama hili mtu haendi na onyo, anaenda na begi lake.

Mimi nikisema ukweli, begi ni langu. Au labda wataning'oa kwenye kitufe wanirudishe kwenye hendeli, na kwa hili bega ni yale yale. Mwanangu Neema yuko kidato cha pili. Nimelipigia hili hesabu usiku kucha na kila nikifika mwisho najiona mimi ndimi ninayeonewa huruma. Aibu gani hiyo? Mtu karibu afe, na mimi najionea huruma.

Mafundi walipoinua trela kwa jeki nililichukua koti. Nilimwambia Mzee nitalifua. Akasema haina haja, ni koti la kazi. Nikalishikilia kama mwizi mpaka akaniachia. Limechanika mgongoni, kutoka begani mpaka kiunoni. Nimelifua mara tatu. Grisi imetoka kidogo, alama ya chuma haikutoka.

Leo asubuhi nilienda kanisani nikatoka kabla ya mahubiri. Nikatembea Jogoo Road, nikapita mahakama za Makadara upande wa pili wa barabara, maana hata kuziona sikutaka, nikafika soko la Muthurwa kununua uzi wa rangi ya koti. Nilisimama mbele ya mama wa uzi nikiwa na rangi nne mkononi nisijue nimekuja kufanya nini. Akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko poa. Nikanunua zote nne.

Nikarudi. Nikaanika koti. Nikalianua. Nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Saa nane simu ikalia. Nambari ngeni. Ni Mama Kioko, mke wa Mzee Mutisya, anapiga kutoka Dandora. Hatujawahi kuonana, namjua kwa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, anaompakia Mzee kwenye kopo kila Jumatatu, ambao mimi humsaidia kuumaliza.

Alikuwa ananishukuru.

Alinibariki mimi, mtoto wangu na mikono yangu. Akasema Mzee alifika nyumbani jana bila koti, akamweleza kwamba trela ilianguka yenyewe, matope, na kwamba mimi nilimwona kwenye kioo nikampigia kelele toka hapo, toka, ndiyo maana leo yuko hai. Akasema mwanangu, mimi sina la kukupa, lakini kesho Mzee anakuja na makopo mawili, moja ni lako.

Jamani.

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya jikoni. Huyo mzee hakutosheka kunifunika kwa meneja, alienda akanifunika mpaka nyumbani kwake, kwa mke wake mwenyewe, ili siku akirudi bila kazi, mama asinichukie.

Kwenye simu huwezi kuitikia kwa kichwa. Mama Kioko alikuwa ananisubiri niseme amina, na mimi nikafungua mdomo, likatoka lile jambo lote kama maji ya bomba lililopasuka. Kitufe. Kubonyeza mapema. Kioo. Kwamba hakugonga. Kwamba sikumpigia kelele yoyote mpaka chuma kilipokuwa tayari chini. Kwamba aliniokoa yeye, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Nilisikia redio kwake, watu wanaimba. Nilisikia akiipunguza sauti.

"Na kama angekuwa ndani ya hilo koti?" akauliza.

Nililia, nikamwambia sijui, mama, nisamehe. Hakusema amenisamehe. Sikutarajia aseme, na kusema kweli ningemwona wa ajabu kama angesema. Alivuta pumzi, kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayekutuma dukani:

"Kesho usimwache aongee kwanza. Namjua huyo. Ukimwacha aanze, atakufunika tena."

Akakata. Bila kwaheri, bila Mungu akubariki.

Hiyo ni saa moja iliyopita. Sitawadanganya. Sijapata amani yoyote. Bado nachungulia dirishani kuona kama mvua imekuja, bado najiuliza Neema nitamwambia nini kama nitarudi kesho saa nne na begi. Lakini nimekaa, na hilo tangu jana sikuwa nimeliweza.

Maelezo nimeyaandika. Mara ya kwanza yalijaza kurasa mbili: mvua, kokoto laini, bega, daktari, kioo kina vumbi. Nikasoma nikaona ni mimi tena natafuta koti la mtu la kujifunikia. Nikachana. Sasa ni mstari mmoja: Nilibonyeza kabla Mzee Mutisya hajagonga, na nimekuwa nikifanya hivyo kwa miezi mingi.

Ule uzi nimeurudisha kwenye mfuko. Koti sitalishona leo. Nitaenda nalo hivyo hivyo, limechanika, niliweke juu ya meza ya meneja ili asije akadhani ni habari ya katoni za sabuni.

Mzee hufika langoni saa mbili kasoro robo, siku zote, na kopo lake. Kesho atakuwa na makopo mawili, isipokuwa kama Mama Kioko amebadilisha mawazo, na ana haki.

Mimi nitakuwa ofisini saa moja na nusu. Lazima nimtangulie kuongea.