Bustani ya Wamama Wazee wa Kilibula

Jumapili, jioni. Joto la kuita mvua. Risasi za kule milimani zimenyamaza tangu asubuhi, nami nina furaha mbaya.

Vita ilipotutoa Luberizi, mama yangu aliacha mpunga ukikaribia kuvunwa. Hapa Kilibula alikuwa akishinda mlangoni, hasemi, chakula hali vizuri. Kisha wamama wengine wazee wakamwita kwenye kiwanja kilichokuwa kitupu nyuma ya kanisa. Wakalima mboga ya lengalenga na vitunguu. Mama akarudi kuwa mama: akaimba, akagombana, akanicheka.

Mwezi uliopita shefu wa kartié, mkuu wa mtaa wetu, alikuja na watu wenye bunduki, akazungushia kiwanja uzio. Anataka kujenga baa.

"Wamama, mumechoka," aliwaambia. "Kazi ya muzee ni kupumuzika na kusali."

Mama akarudi kukaa mlangoni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwombea shefu mabaya. Azeeke upesi. Alishwe kwa kijiko, na mlishaji awe na haraka.

Leo wageni kutoka Bukavu walikuja kufanya mkutano, kuuliza wazee wasaidiweje wakati huu wa vita. Nilijua shefu atajisifu. Kwa hiyo asubuhi nilipita kwa mama yake mzazi, ambaye naye alikuwa akilima pale kabla mwanawe hajamkataza. Nikamweleza mpango wangu. Akavaa kitenge chake cha sikukuu, nikampakia kwenye pikipiki, nikamkalisha mstari wa mbele.

Shefu akasimama na suti yake. Akasema kwake wazee wanatunzwa kama mayai.

Mama yake akainuka polepole.

"Mutoto wangu, ulisoma juu ya jembe langu; ndilo lililipa shule. Weye ndiye unajua nimechoka? Minye sijachoka. Rudisha shamba letu."

Watu wakapiga vigelegele. Shefu alishika glasi ya maji, yakamwagikia suti.

Niliyatazama yale maji kama mtu mwenye njaa anayekula.

Mbele ya wageni akaahidi kuondoa uzio, na mchana ukaondolewa. Baadaye shefu akaja kwetu, akampigia mama yangu magoti.

"Inuka, mutoto," mama akasema. "Kesho utuletee mbolea ya ng'ombe."

Basi, akamsamehe hivyo tu, akaenda kutafuta jembe.

Mimi bado. Nilimwona akipangusa vumbi magotini, nikatamani ayapige tena.

Shamba limerudi. Hasira hii sasa nitaipeleka wapi?